Milioni nne kwa iPhone 17 Pro Max: simu au sifa? Nalinganisha na S25 Ultra, iPhone 17 ya kawaida na A56

Mama Doti (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni.

Nina duka la vitenge na madera hapa Mwanza, lakini wateja wangu wengi siwajui sura. Wananiona Instagram, wanahamia WhatsApp, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Simu ninayotumia ni Tecno ya zamani. Chaji inakata saa nane mchana, na picha nikipiga jioni ni chengachenga tupu, mteja anauliza "dada hiyo ni maua au ni ndege?"

Zamu yangu ya mchezo imefika, hela ipo. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia chukua macho matatu, yaani Pro Max yenye kamera tatu nyuma, ile ya rangi ya chungwa, utakuja kunishukuru. Nimepiga simu Kariakoo nikatajiwa hivi: 17 Pro Max ya GB 256 inacheza kwenye milioni nne, iPhone 17 ya kawaida milioni mbili na laki saba, Samsung S25 Ultra karibu milioni tatu, Samsung A56 milioni moja na chenji. Kuna mwingine ananibembeleza nichukue iPhone 13 used kwa laki tisa, anasema haina hata mkwaruzo.

Kati ya A56 na Pro Max kuna milioni tatu hapo. Hiyo milioni tatu nitaiona kwenye mauzo, au nitaiona kwenye kioo cha saluni nikijipiga picha? Msinijibu kishabiki tafadhali.

Chungwa Tupu

Dada chukua Pro Max ufunge mjadala. Kamera tatu zote za megapikseli 48, unavuta mara nne picha haiharibiki, video ndiyo usiseme. Chaji unalala nayo unaamka nayo. Na tuwe wakweli, mtu akikaa na wewe akaona macho matatu mezani, hakubani sana kwenye bei. Biashara ni muonekano. Mimi ninayo, ya chungwa, sijutii hata senti.

Mhasibu Mstaafu

Mama ameandika kwamba wateja wake hawaonani naye. Wewe unamwambia simu mezani. Soma swali kwanza, kijana.

Fundi wa Aggrey

Mama Doti, mimi kutwa nzima nashika hizi simu zikiwa zimepasuliwa matumbo, kwa hiyo sina timu.

Tuanze na mbwembwe. 2023 ilipotoka 15 Pro, habari ya mjini ilikuwa taitaniamu. Nyepesi, ngumu, watu wakawa tayari kuongeza laki kadhaa kwa sababu ya fremu ambayo wanaenda kuivalisha kava siku hiyo hiyo. 2025 Pro imerudi kwenye alumini, kwa kuwa alumini inatoa joto vizuri zaidi, na wale wale walioimba taitaniamu leo wanaimba chungwa. 2024 nako iPhone 16 iliuzwa kwa jina la Apple Intelligence, yaani AI (akili bandia) ya Apple. Siri mpya, yule msaidizi wa sauti, waliyoitangaza kwenye matangazo, ilipofika Machi 2025 Apple wenyewe wakasema itachelewa. Aliyenunua 16 kwa ajili ya Siri ile alilipia ahadi. Mimi wateja wangu nawaambia lipia kinachofanya kazi leo ukiwa umekishika mkononi. Kitakachokuja na apdeti kikija utakifurahia, lakini usikiwekee bei.

Sasa kwenye simu zenyewe. Kwenye toleo hili la 17 pengo kati ya ya kawaida na Pro limepungua kuliko nilivyozoea kuona. iPhone 17 ya kawaida ina kioo cha 120Hz, kile kinachoteleza, ambacho tangu 13 Pro ya 2021 walikuwa wanawapa wa Pro peke yao. Inaanzia GB 256. Kamera mbili za nyuma zote megapikseli 48, na ile ya pembeni inasogelea kitambaa mpaka unaona uzi. Ya mbele ni ya megapikseli 18, unaweza kushika simu wima ikakupiga kwa upana, mtu wa kwenda live atanielewa.

Pro Max inaongeza nini juu ya hapo? Lensi ya kuvuta mbali. Betri na kioo kikubwa. Mfumo wa kupoza prosesa kwa wanaorekodi muda mrefu au wanaocheza gemu. Waya wa USB-C unaohamisha mafaili haraka zaidi. Na aina za video ambazo bila kompyuta na mtu wa kuhariri hazina kazi.

Marekani tofauti ya hizo mbili ni dola 400, moja 799 nyingine 1,199. Kwa bei ulizotajiwa wewe, tofauti ni milioni moja na laki tatu. Hesabu mwenyewe kwa dola ya leo. Sehemu ni ushuru, sehemu ni faida ya muuzaji, na sehemu anajua tu kwamba anayeulizia Pro Max hana moyo wa kupunguziwa.

Chungwa Tupu

Fundi una chuki na wenye hela 😂

Fundi wa Aggrey

Wenye hela ndio wanaonilisha. Nimebadilisha vioo vyao vingi. Na hilo nalo mama alijue: kioo cha Pro Max kikipasuka ukitaka cha asili, pesa yake jirani yako ananunua simu nzima. Ukiwekewa cha kopi, simu inakuumbua yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utakuta imeandika kwamba kipuri hakitambuliki. Siku ya kuuza, mnunuzi mjanja anafungua hapo kabla hajakuuliza bei.

Mzanzibari wa Ruwi

Asalaam aleikum. Nipo Maskati, na kuna jambo sijaona mtu kalitaja.

Kila mara naombwa na ndugu wa Unguja na Dar niwatumie iPhone kwa sababu huku zinapatikana mapema na bei yake ina nafuu. Sikilizeni. iPhone 17 zote, ya kawaida na za Pro, zinazouzwa Oman, Dubai na Falme zote za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina tundu la laini. eSIM tupu, laini iliyomo ndani ya simu yenyewe bila kadi. Marekani walianza hivyo tangu 14 ya 2022, safari hii na sisi wa Ghuba tumo. Ile iPhone Air nyembamba ndiyo haina tundu popote duniani. Zinazotoka Uingereza bado zina tundu.

Kwangu miye si tatizo. Lakini mama ana biashara ya kupokea pesa kwa namba ya simu. Leo simu yako ikidumbukia kwenye ndoo, unachomoa laini, unaitia kwenye kitochi, na pesa zinaendelea kuingia. eSIM huwezi kuichomoa. Ni mpaka ufike duka la mtandao na kitambulisho, dole gumba, foleni, na mtandao wao uwe juu siku hiyo. Ikiharibika Jumamosi jioni shughuli yako imesimama mpaka Jumatatu.

Nisidhulumu, ina faida yake. Kwa kuwa tundu halipo wamejaza betri. Pro Max ya eSIM, Apple wanaandika saa 39 za kuangalia video, yenye tundu saa 37. Saa mbili hizo ndiyo bei ya tundu.

Mama Doti

Huyu wa Ruwi Mungu ambariki. Yule wa Kariakoo aliniambia "mzigo wa Dubai, orijino kabisa" wala hakutaja laini. Nina laini mbili, moja ya lipa namba na nyingine ya nyumbani, na laini ya duka huwa naiacha na msaidizi wangu nikisafiri. Kwa hiyo eSIM tupu hapana. Hata kama ni ya chungwa.

Swali linalofuata kwa wapiga picha. Bluu zangu zinatoka zambarau. Nimepoteza wateja, mtu anapokea mzigo anasema sikuagiza hii. Simu ya bei kubwa inaliponya hili?

Kijana wa Luthuli

Salamu kutoka Nairobi. Huku Luthuli Avenue ni stori moja na yenu, mtu anakuuliza unataka ya Dubai ama ex-UK, zile zimetumika Uingereza. Wacha niongeze kitu moja kwa wenye hawana pesa mkononi vile huyu mama anayo. Hizi za lipa pole pole, ile deposit ndogo halafu unalipa kila siku, usiangalie bei ya siku. Jumlisha siku zote hadi mwisho. Rafiki yangu wa kuuza viatu online alichukua simu kubwa hivyo, akakosa kulipa kidogo kwa sababu biashara ilikuwa chini, simu ikajifunga yenyewe. Na oda zake zote zilikuwa ndani ya hiyo WhatsApp. Sasa unalipa aje deni na chombo cha kutafuta pesa kimefungwa?

Kamera ya Harusi

Mama Doti, bluu kugeuka zambarau nalijua hilo, kitenge cha wax kikiwa kipya na ule mng'ao wake ndiyo balaa zaidi. Duka lako bila shaka lina taa nyeupe juu, mlango uko wazi, na pengine ukuta umepakwa rangi. Simu inapokea mwanga wa jua na wa umeme kwa pamoja, haijui ifuate upi. Hata yangu ya Pro inayumba hapo. Hakuna simu ya milioni nne inayoponya taa mbaya.

Zima taa. Sogea karibu na mlango, mahali penye kivuli ambapo jua halipigi moja kwa moja, asubuhi saa tatu au saa nne. Tundika shuka jeupe nyuma, jeupe hasa, si la maziwa. Kunja doti moja iwe na mikunjo miwili mitatu ili mtu aone kitambaa kinavyoanguka, usilitandaze kama ramani ukutani. Kisha gusa kitambaa kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka simu ifunge mwanga, halafu teremsha mwanga kidogo. Rangi nzito zinahitaji giza kidogo kuliko simu inavyopenda, ndipo bluu inabaki bluu. Piga picha moja ya kitambaa kikiwa kimeshikwa na mkono wa mtu, maana mteja ana kumbukumbu ya rangi ya ngozi, anapima kwa hiyo.

Ukifanya hivyo A56 itakupa picha ambayo Instagram haitaitofautisha na ya Pro Max. Instagram inazikata na kuzibana zote. WhatsApp ndiyo kabisa, usipochagua HD inazisaga, na watu wengi hawajui kama kitufe cha HD kipo tangu 2023.

Video ni habari nyingine. Mtu akivaa dera akazunguka, wewe ukamfuata ukitembea, jioni, ndani ya duka, hapo hela inaonekana. A56 itatikisika na vivuli vitaanza kuchemka. iPhone 17 itatulia. Kati ya iPhone 17 na Pro Max, kwa video ya sekunde ishirini ya dera, mimi mwenyewe nisingejua ipi ni ipi. Naitumia Pro kwa sababu ya lensi ya kuvuta. Ukumbini wapambe wananizuia kusogea, na bibi harusi analia upande wa pili wa meza kuu. Wewe kitenge chako hakikimbii, kisogelee.

Kalamu Mkononi

Mnasahau S25 Ultra wakuu. Dola 1,299 ilipotangazwa Januari 2025, ghali kuliko hiyo Pro Max, lakini kwa bei ya mama hapo juu imeshashuka chini yake. Hiyo ndiyo tabia ya Samsung, na kwa mnunuzi wa katikati ya mwaka ni neema. Megapikseli 200, lensi ya kuvuta mara tano, betri 5,000, ahadi ya apdeti miaka saba. Kalamu inakaa ndani, naandika risiti kwa mkono na kusaini humo humo.

Ubaya niuseme pia. Kalamu ya S25 wameinyang'anya Bluetooth, ule ujanja wa kupiga picha ukiwa umesimama mbali na simu haupo tena. S24 Ultra wanao. Chaja kwenye boksi hamna, kama ilivyo iPhone tangu 2020. Na Samsung hutoa S mpya mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo kama roho imekuelekea huku, subiri ya mpya ifike, hii itateremka tena. Kuinunua Desemba kwa bei kamili ni haraka isiyo na sababu.

Bint Pangani

Kuhusu hizi AI zinazopandishia simu bei. Apple Intelligence haijui Kiswahili. iPhone yenyewe menyu yake haina Kiswahili, wakati Samsung na Tecno unageuza simu nzima ikawa Kiswahili mama mkwe akaitumia bila kukuita. Gemini ya Google ndiyo inaongea Kiswahili tangu 2023 ikiitwa Bard, na hiyo unaipakua hata kwenye simu ya laki tatu. Mimi naiambia iniandikie maelezo ya bidhaa, inaandika, nasahihisha mbwembwe zake, napandisha posti. Kwa hiyo mtu akikwambia Pro Max ina AI, mwambie na hii yangu inayo.

Chungwa Tupu

Nyie wote mnahesabu bei ya kununua, hamhesabu bei ya kuuza. iPhone haishuki thamani. Baada ya miaka mitatu nauza, narudisha nusu. Nyie na A56 zenu mtarudisha nauli.

Mhasibu Mstaafu

Hapo sasa umeleta hoja, tuihesabu. Ni makadirio yangu, lakini nimekuachia wewe yale mazuri.

Pro Max inunuliwe milioni nne, iuzwe milioni mbili baada ya miaka mitatu, ikiwa kioo kizima na betri nzima. Umekula milioni mbili. Gawa kwa miezi 36 ni kama shilingi 55,000 kwa mwezi. iPhone 17 ya kawaida, inunuliwe 2,700,000, iuzwe 1,350,000 kwa nusu hiyo hiyo. Ni 37,500 kwa mwezi. A56 inunuliwe milioni moja na laki moja, iuzwe laki tatu na nusu. Ni kama 21,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo kijana yuko sahihi kwa kiasi fulani, pengo la mwezi si la kutisha kama pengo la dukani. Lakini hajahesabu mambo mawili. La kwanza, hiyo nusu unarudishiwa tu kama hakuna mtoto aliyeiangusha na hakuna bodaboda aliyeipitia barabarani. La pili ni zito kwa mfanyabiashara. Milioni tatu iliyolala ndani ya simu miaka mitatu haizunguki. Ikiwa ni mzigo wa madera, kwa mzunguko wa mama mwenyewe, itakuwa imeenda na kurudi mara ngapi? Yeye ndiye anajua faida yake kwa robota. Mimi sijui, wala Chungwa hajui.

A56 nayo isidharauliwe kwa jina. Samsung wameiahidi apdeti za miaka sita tangu 2025. Zamani simu ya daraja hilo ilikuwa ikifika mwaka wa pili imeachwa njiani.

Kijana wa Luthuli

Mzee umefunga hesabu. Lakini miaka sita ya apdeti haimaanishi miaka sita ya kasi. Simu ya daraja la kati mwaka wa nne inaanza kufikiria kabla ya kufungua kamera. Nimeona.

Mhasibu Mstaafu

Ndiyo maana nimehesabu mitatu.

Mama Doti

Fundi, na ile 13 ya laki tisa? Jamaa amenitumia picha, betri inasoma asilimia 100. Naona kama bahati.

Fundi wa Aggrey

Simu ya 2021 yenye betri asilimia 100 si bahati, ni betri iliyobadilishwa. Swali ni na nani na ya wapi. Betri za 14 kurudi nyuma Apple wenyewe wanasema zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia 15 ndipo wakasema mizunguko 1,000. Mtu anayechaji kila siku anamaliza 500 kabla mwaka wa pili haujaisha. Ipo mashine mezani kwa kila fundi ya kuifanya betri iseme namba unayoitaka.

Mwambie akutumie video, si picha, akiingia kwenye mipangilio mpaka kuhusu simu, asikatize. Unaangalia namba ya modeli. Ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya. F imefanyiwa matengenezo na kuuzwa upya. N ilitolewa kama mbadala kwa mtu aliyerudisha yake ikiwa mbovu. F na N si dhambi, dhambi ni kukuuzia F kwa bei ya M. Mwisho wa namba utaona herufi za nchi. LL ni Marekani; 13 ya LL ina tundu, kuanzia 14 halina. J ni Japani, kamera yake inaweza kulia ukipiga hata ukizima sauti. ZA wengi wanadhani ni Afrika Kusini, ni Hong Kong, na hiyo ukiipata ichukue kwa mikono miwili kwa sababu inabeba laini mbili za kawaida. Wewe mwenye laini mbili hiyo ndiyo yako.

Chini ya hapo panaandika historia ya vipuri. Halafu IMEI, namba ya utambulisho wa simu, unabonyeza *#06#, unaituma 15090 kuona TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaitambuaje. Walioishi 2016 wanakumbuka simu feki zilivyozimwa Juni usiku mmoja. Mwisho kabisa muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako na uiwashe upya kama mpya. Akisema "nitakutumia nywila baadaye", ondoka. Hujanunua simu hapo.

Kwa kazi yako sikushauri 13. Si mbovu, apdeti ya iOS 26 imeipata, hata 11 ya 2019 imeipata. Lakini ni kioo cha 60Hz, chaja ya zamani ya Lightning, hifadhi inaweza kuwa GB 128 ambayo video zako zitaijaza, na miaka yake ya mbele ni michache. Laki mbili zaidi unapata A56 mpya ya boksi na warantii.

Chungwa Tupu

Kwa hiyo wote mmeamua dada asipendeze.

Bint Pangani

Apendeze kwa dera, ndiyo biashara yake.

Mama Doti

😂😂 Chungwa usinune. Siku nikiwa na hela ya kuchezea nitaichukua ile rangi, naikubali kwa kweli ni nzuri.

Msimamo wangu mpaka sasa. Pro Max nimeitoa. S25 Ultra nimeitoa, ni kubwa, mkono wangu mdogo na kalamu sina kazi nayo. 13 nimeitoa. Zimebaki iPhone 17 yenye tundu la laini, na A56. Kinachonivuta iPhone 17 ni video, kwa sababu madera yanauzika kwa video na jioni ndipo wateja wangu wako mtandaoni. Kinachonirudisha A56 ni hiyo milioni moja na laki sita inayobaki, na Mhasibu ameniuliza swali ambalo jibu lake ninalo: kwa mwaka mzigo wangu hauzunguki mara moja wala mbili. Wiki ijayo nashuka Dar kuchukua mzigo, nitazijaribu zote mbili. Nijaribu nini hasa nikiwa dukani? Wale vijana wa dukani wanakuonyesha video za simba na maporomoko ya maji, zote zinapendeza.

Kamera ya Harusi

Usiangalie hata moja ya hizo. Nenda na kipande cha kitenge chenye bluu na zambarau kwenye mkoba. Kipige chini ya taa za duka lao kwa simu zote mbili, bila kurekebisha chochote. Kisha mwombe yule kijana atembee akizungusha kitambaa, wewe mfuate ukirekodi sekunde kumi, kwa A56 kisha kwa 17. Toka nje ya mlango urudie.

Halafu zitume zote kwenye WhatsApp yako na uzifungue kwenye Tecno yako ya zamani, palepale. Wateja wako wengi wana simu za aina hiyo, wataona hicho unachokiona wewe. Usifanye uamuzi ukitazama kioo cha iPhone, kioo hicho wateja hawana.

Fundi wa Aggrey

Na uende na laini zako zote mbili, uzitie moja baada ya nyingine kabla hujatoa hela, piga simu, washa bando, ingia kwenye menyu ya pesa. Boksi likiwa la Ghuba utajua hapo hapo, pini ya kutolea laini haina pa kuingia. Ukimaliza kujaribu nitafute mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikubandikie protekta, hiyo sikudai.

Mhasibu Mstaafu

Pata na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Warantii bila risiti ni salamu tu.

Mzanzibari wa Ruwi

Na ukitaka dera za Maskati za kuuza huko, tuongee inbox. Hizo hazihitaji eSIM.